Nani Ameshika Hatamu? Amana Inayotenguka Mbele ya Kodi za Biashara za Majimbo ya Marekani



Wasemaji wengi wa Kiswahili wameweka makazi Marekani. Wapo Wakenya na Watanzania wa Houston na Dallas, wapo Wakongo na Warundi waliopokelewa Manchester na Concord katika jimbo la New Hampshire. Baada ya miaka ya kazi za zamu, wengine wamenunua nyumba. Wanakaa ghorofa moja na kupangisha nyingine, kisha wananunua ya pili. Siku wanapokwenda kwa mwanasheria kupanga mirathi, ushauri wanaoupata mara nyingi ni mmoja: weka mali yako katika amana inayotenguka. Jioni hii nataka kujibu swali linalofuata ushauri huo. Mali ikishaingia katika amana hiyo, na mali yenyewe inaingiza kodi ya pango kila mwezi, jimbo litamtoza nani kodi ya biashara?

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Majimbo mengi hupita katikati ya karatasi ya amana na kumtazama mtu aliyebaki na uwezo wa kuitengua. Lakini wengi huishia hapo, na ndipo wanapoumia. Uwezo huo una mwisho wake, na majimbo hayaonyeshi ukarimu huohuo kwa kila chombo cha kisheria.

Amana hii ni kitu gani

Amana inayotenguka ni makubaliano ya maandishi. Mwenye mali, ambaye nitamwita mweka amana, anahamishia mali yake kwa mdhamini ili aisimamie kwa faida ya wanufaika. Katika aina hii ya amana, mweka amana kwa kawaida ndiye mdhamini, na ndiye mnufaika wa kwanza maadamu yu hai. Anaweza kubadilisha masharti, kuwaondoa wanufaika, au kuirudisha mali yote mikononi mwake wakati wowote. Akifa, mdhamini mrithi aliyekwisha kutajwa anaigawa mali bila kungoja mahakama ya mirathi.

Umaarufu wake miongoni mwa watu wa kawaida ulichochewa sana na kitabu cha mwaka 1965 cha Norman Dacey kilichofundisha jinsi ya kuikwepa mahakama ya mirathi. Dacey hakuwa mwanasheria. Chama cha mawakili cha New York kilimshtaki kwamba anafanya uwakili bila leseni, na mwaka 1967 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaamua kwamba kuuza kitabu si kosa. Tangu hapo amana hizi zimekuwa jambo la kawaida katika familia za Marekani.

Tuangalie kwa makini kile ambacho chombo hiki hukifanya na kile kisichokifanya. Kinarahisisha mirathi, kinaficha mambo ya familia yasisomwe hadharani mahakamani, na kinamwezesha mdhamini mrithi kushika kazi mweka amana akipoteza fahamu au akili. Hakimkingi na wadai wake. Sheria ya mfano ya amana iliyotungwa mwaka 2000, ambayo majimbo zaidi ya 30 yameifuata, inasema wazi katika kifungu cha 505 kwamba mali ya amana inayotenguka inafikiwa na wadai wa mweka amana maadamu yu hai. Naomba mlishike jambo hili la wadai, kwa sababu litatusaidia kuelewa hesabu za majimbo.

Mzizi wake katika serikali kuu

Kabla ya majimbo, serikali kuu ya Marekani iliwahi kupambana na swali hili. Kodi ya mapato ikiwa ya ngazi, kila dola ya juu hutozwa zaidi. Miaka ya 1920 matajiri waliona njia nyepesi: gawanya mali katika amana kadhaa, kila moja ianze ngazi za chini, nawe ubaki na uwezo wa kuzitengua. Sheria ya mapato ya mwaka 1924 iliziba mwanya huo kwa kusema kwamba mweka amana mwenye uwezo wa kutengua atatozwa kodi kana kwamba mapato ni yake.

Bwana mmoja aitwaye Corliss alilipinga jambo hilo mpaka Mahakama ya Juu. Mapato ya amana yake yalikuwa yakienda kwa mkewe, hivyo aliona si haki atozwe yeye. Mwaka 1930 Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika hukumu fupi dhidi yake. Hoja yake ni kwamba kodi haihangaiki sana na nani ameandikwa kwenye hati. Inatazama nani ana amri halisi juu ya mali. Miaka 10 baadaye, katika kesi ya Clifford, mahakama hiyohiyo ilikwenda mbali zaidi. Clifford alikuwa ameweka amana ya miaka 5 kwa ajili ya mkewe, mwenyewe akiwa mdhamini, na muda ukiisha mali inamrudia. Hakuwa na uwezo kamili wa kutengua, lakini bado alionekana kuwa mwenye mali.

Mafundisho hayo yaliingizwa katika sheria ya kodi ya mwaka 1954, na leo yamo katika vifungu vya 671 hadi 679. Kifungu cha 676 ndicho kinachohusu uwezo wa kutengua. Kwa vitendo maana yake ni nyepesi: amana inaweza kutumia namba ya hifadhi ya jamii ya mweka amana, haina haja ya fomu yake ya kodi ya mapato, na kila senti inaandikwa katika fomu ya mtu mwenyewe.

Mambo yamegeuka tangu enzi za Corliss. Zamani kuhesabiwa kuwa mwenye mali kulikuwa adhabu. Siku hizi ni nafuu. Kwa mwaka 2025, amana inayojitegemea inafika ngazi ya juu kabisa ya asilimia 37 mapato yake yakizidi dola 15,650 tu, ilhali mtu asiye na ndoa anaifikia ngazi hiyo baada ya dola 626,350.

New Hampshire: jimbo linalotazama biashara

Sasa tuingie majimboni. Nimeichagua New Hampshire kuwa mfano mkuu kwa sababu sifa yake ya kutokuwa na kodi huwapoteza wageni. Kweli, haina kodi ya mishahara wala kodi ya jumla ya mauzo. Hata kodi yake ya riba na gawio, iliyoanza mwaka 1923, ilifutwa tarehe 1 Januari 2025. Lakini serikali yoyote lazima ipate fedha, na hapa sehemu kubwa ya mzigo imewekwa juu ya biashara.

Kuna kodi mbili. Ya kwanza ni kodi ya faida ya biashara, iliyoanza mwaka 1970. Kiwango chake sasa ni asilimia 7.5. Ya pili ilianza mwaka 1993 na kiwango chake ni asilimia 0.55. Hii haitazami faida; hutozwa juu ya mishahara, riba na gawio ambazo biashara imelipa. Ukiilipa hii ya pili, unaruhusiwa kuikata katika deni lako la ile ya kwanza.

Mtego umo katika maana ya biashara. Sheria ya jimbo hilo haisemi kampuni peke yake. Inamtaja pia mtu binafsi anayejiendeshea shughuli zake, na mwenye nyumba anayepangisha ni mfanyabiashara kama mwenye duka. Mtu anayemiliki nyumba mbili za kupangisha huko, bila kampuni na bila mfanyakazi, anaweza kudaiwa kodi ya faida ya biashara huku akiamini anaishi katika jimbo lisilo na kodi ya mapato. Akiuza nyumba aliyokuwa akiipangisha, faida ya mauzo nayo inahesabiwa.

Je, akiiweka nyumba katika amana inayotenguka? Sheria imejibu moja kwa moja. Amana zinazohesabiwa na serikali kuu chini ya kifungu cha 671 kuwa ni za mweka amana zitaingizwa katika ritani ya mwenyewe, naye atatozwa kwa kadiri ambayo angetozwa kama amana isingekuwapo. Hakuna kodi ya pili, na hakuna msamaha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Manchester ana nyumba mbili za kupangisha. Ya kwanza iko kwa jina lake na inaingiza dola 70,000 kwa mwaka. Ya pili iko katika amana na inaingiza kiasi hichohicho. Kizingiti cha kuwasilisha ritani ya kodi ya faida ni mapato ghafi yanayozidi dola 100,000 na ushei, na hurekebishwa baada ya muda. Kila nyumba peke yake iko chini ya kizingiti. Mama huyu akidhani kwamba amana ni mtu mwingine, hatawasilisha chochote. Lakini sheria inazijumlisha: dola 140,000 za mtu mmoja. Ritani inadaiwa, hata kama baada ya kutoa riba ya benki, ukarabati na uchakavu faida iliyobaki ni ndogo.

Kupitwa huku kwa amana kuna upande wa haki pia. Kwa kuwa anahesabiwa mwenye biashara mwenyewe, anabaki na nafasi ya mfanyabiashara binafsi ya kutoa katika faida ujira unaofaa kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Anayesimamia nyumba zake asubuhi hadi jioni asiisahau nafasi hiyo, na aweke kumbukumbu za kazi hiyo.

Sasa mgeuzeni mama huyu kidogo. Tuseme nyumba ya pili haikuwekwa moja kwa moja katika amana, ila katika LLC, ile kampuni ya mtu mmoja yenye ukomo wa dhima, kisha amana ndiyo inayoimiliki kampuni. Kwa serikali kuu hakuna kilichobadilika: kampuni haionekani, amana haionekani, mapato yote ni ya mama. New Hampshire haikubali hivyo. Amana inapitwa, lakini LLC inasimamishwa mlangoni. Inahesabiwa biashara kamili, yenye ritani yake na vizingiti vyake, hata kama mmiliki ni mtu mmoja.

Kwa nini vyombo viwili vinavyofanana machoni mwa serikali kuu vipokewe tofauti na jimbo? Rudini kwenye lile la wadai. LLC inampa mwenyewe ngao: mpangaji akianguka ngazini na kushtaki, kwa kawaida mali inayoguswa ni ya kampuni. Ngao hiyo imetolewa na jimbo, nalo jimbo linaona lina haki ya kuitambua kampuni na kuitoza. Amana inayotenguka haitoi ngao yoyote kwa mweka amana, kwa hiyo jimbo halina sababu ya kujifanya linaona mtu wa pili pale ambapo wadai wanamwona mmoja.

Texas: ngao ndiyo inayotozwa

Texas inaonyesha mantiki hiyo waziwazi zaidi. Katiba yake inakataza kodi ya mapato ya mtu binafsi. Wapiga kura waliliweka katazo hilo mwaka 2019. Badala yake kuna kodi inayolipwa na vyombo vya kibiashara kwa fursa ya kufanya shughuli jimboni. Sura yake ya sasa ilitungwa mwaka 2006 na kuanza kutozwa mwaka 2008. Kiwango cha kawaida ni asilimia 0.75 ya kile kinachobaki baada ya makato maalumu, na asilimia 0.375 kwa wauzaji wa rejareja na jumla. Kwa ritani za mwaka 2024 na 2025, chombo chenye mapato yasiyozidi dola milioni 2.47 hakidaiwi kodi hiyo.

Mtu anayefanya biashara kwa jina lake hayumo. LLC imo, hata ya mtu mmoja. Na amana? Sheria inazitoa nje amana ambazo kikodi ni za mweka amana, kwa sharti moja zito: waweka amana wote na wanufaika wote wawe watu halisi au taasisi za hisani. Kampuni ikitajwa kuwa mnufaika, kinga inapotea. Na amana iliyoundwa kwa ajili ya kuendesha biashara, kwa umbo la kampuni iliyovikwa kanzu ya amana, haifaidiki hata kidogo.

California nitaipita haraka. Huko LLC hulipa angalau dola 800 kila mwaka, na ikivuka dola 250,000 za mapato inaongezewa ada. Kuiweka LLC hiyo chini ya amana inayotenguka hakupunguzi hata dola moja. Mali iliyomo katika amana moja kwa moja, bila kampuni, haidaiwi zile dola 800.

Siku uwezo unapokoma

Mpaka hapa nimesema habari za mweka amana aliye hai. Sehemu ngumu huanza siku anayokufa, na nina wasiwasi kwamba ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Mweka amana akifariki, hakuna tena anayeweza kutengua, na amana inakuwa isiyotenguka saa hiyohiyo. Kwa serikali kuu, inakuwa mlipakodi mpya, yenye namba yake na fomu namba 1041. Mdhamini na msimamizi wa mirathi wanaweza kuchagua, chini ya kifungu cha 645, amana ihesabiwe kuwa sehemu ya mirathi kwa muda, lakini uchaguzi huo una fomu yake na tarehe yake ya mwisho, hauji wenyewe.

Kwa majimbo, mabadiliko yanaweza kuwa makubwa zaidi. Turudi Texas. Baba alikuwa na majengo makubwa ya kupangisha ndani ya amana, bila LLC. Alipokuwa hai, amana haikuwa chombo cha kutozwa. Amekufa, kinga ya amana ya mweka amana imeondoka naye. Amana sasa inaweza kusalimika ikiwa ni chombo kisichojishughulisha, yaani angalau asilimia 90 ya mapato yake yanatokana na riba, gawio, faida ya kuuza hisa na mfano wa hayo. Kodi ya pango haimo katika orodha hiyo. Amana inayoishi kwa kodi ya pango inaweza basi kuingia katika wavu wa kodi ya biashara kwa mara ya kwanza, watoto wakidhani kwamba hakuna kilichobadilika isipokuwa jina la anayetia saini hundi. Majengo ni yaleyale, wapangaji ni walewale.

New Hampshire pia, amana isiyokuwa ya mweka amana tena, ikiendelea kupangisha, inasimama kwa miguu yake: ritani yake, kizingiti chake. Hapo kuna upande wa nafuu, kwa sababu mapato yake hayajumlishwi tena na ya mtu mwingine. Lakini mdhamini mpya asiyelijua hilo anaweza kuendelea kuandika mapato kwa jina la marehemu, na kosa la namna hiyo hujirudia kila mwaka mpaka ligunduliwe.

Kuna na familia zenye kampuni iliyochagua kodi ya aina ya S, ambapo faida huhesabiwa moja kwa moja kwa wenye hisa. Amana inayotenguka inaruhusiwa kushika hisa hizo. Baada ya kifo, ruhusa inaendelea kwa miaka 2. Baada ya hapo amana lazima ifanye uchaguzi mwingine wa kisheria, la sivyo kampuni nzima inapoteza hadhi yake, na kodi zake za jimbo nazo zinaweza kubadilika.

Mwangwi wa nyumbani

Watu wa mwambao wana kipimo cha zamani cha mambo haya. Wakfu, kama unavyofahamika kwa kawaida, ukishatolewa haurudi: msikiti, kisima au shamba limetoka katika milki ya mtoaji. Ndiyo maana Zanzibar ina Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, chombo cha umma cha kusimamia mali ambazo wenyewe walishaziachia. Amana inayotenguka ni kinyume chake kabisa, kwa sababu mwenyewe hajaachia kitu.

Na Mkenya anayeishi Texas asidhani kwamba hili ni la Wamarekani peke yao. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, inakwenda njia hiyohiyo katika kifungu cha 26: mapato ya mali iliyotolewa kwa namna inayoweza kutenguliwa yanahesabiwa kuwa ya mtoaji. Mwenye mali pande zote mbili za bahari atakutana na kanuni inayofanana, ingawa fomu ni tofauti.

La kufanya

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye amana, daftari hilo liwe na majibu ya maswali manne, yameandikwa na kuwekwa pamoja na hati yenyewe.

Kwanza, nani ana uwezo wa kutengua leo? Huyo ndiye atakayetazamwa. Pili, mali imo moja kwa moja katika amana, au imo katika LLC inayomilikiwa na amana? Msichanganye, maana amana hupitwa na LLC mara nyingi haipitwi. Tatu, jimbo ni lipi? Nyumba iliyoko New Hampshire inafuata sheria za New Hampshire hata kama mwenyewe anaishi Massachusetts. Nne, nani atakuwa mdhamini siku uwezo ukikoma, na je, anajua kwamba siku hiyo kuna namba mpya ya kodi ya kuomba na ritani mpya za kuulizia?

Swali la nne ndilo ninalowaomba mlijibu kwanza. Baba au mama aliye hai ana muda wa kusahihisha makosa ya matatu yaliyotangulia. Mdhamini mrithi, kijana aliyefiwa juzi na ambaye pengine hajawahi kuiona ritani ya kodi ya biashara, hana muda huo. Muiteni mezani mkiwa hai, mfunulieni daftari, mpeni namba ya simu ya mhasibu wa jimbo husika. Amana inayotenguka itawaepusha watoto wenu na mahakama ya mirathi. Haitawaepusha na ofisi ya kodi.